Dawa imeshindwa, hesabu zinaonyesha faida: tuijadili thamani ya haki ya deni la kampuni ya dawa

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Naomba tulitazame kwa utulivu jambo linalowachanganya wasomaji wengi wa hesabu za kampuni za dawa, wakiwamo wahasibu wenye uzoefu. Kampuni inatangaza kwamba dawa iliyokuwa tegemeo lake imeshindwa katika majaribio ya awamu ya tatu. Hisa zinaporomoka, na wenye hatifungani zake (hati za mkopo zinazouzwa na kununuliwa sokoni) wanaziuza kwa hasara ili wajinasue mapema. Miezi miwili baadaye hesabu zinatoka, na ndani yake kuna mstari unaosema kwamba kampuni imepata faida ya mamilioni kutokana na mabadiliko ya thamani ya haki (kwa Kiingereza fair value) ya madeni yake. Msomaji anabaki akiuliza faida hiyo imetoka wapi na ni nani aliyeilipa. Hakuna aliyeilipa, wala hakuna senti iliyoingia benki, lakini mstari huo haukuandikwa kwa hila: umeandikwa kwa kufuata kanuni, na mkaguzi ameupitisha.

Chanzo chake ni tafsiri ya thamani ya haki yenyewe. Kiwango cha IFRS 13, kimojawapo cha viwango vya kimataifa vya hesabu, kinachotumika tangu Januari 2013, kinasema kwamba thamani ya haki ya deni ni bei ambayo ingelipwa kulihamishia deni hilo kwa mwingine, katika muamala wa kawaida usio wa kushurutishwa, kati ya washiriki wa soko, siku ile ya kupima. Kiwango hichohicho kinaagiza kwamba bei hiyo ibebe hatari ya deni kutolipwa, ikiwamo hali ya mdaiwa mwenyewe kimkopo, yaani uwezo wake wa kulipa. Ukishaikubali sentensi hiyo ya pili, mengine yanafuata yenyewe. Kadiri soko linavyokuwa na shaka kwamba utalipa, ndivyo ahadi yako inavyouzwa kwa bei ya chini, na mizania (jedwali la mali na madeni) inaonyesha kwamba unadaiwa kidogo zaidi.

Niseme mapema kwamba kampuni nyingi kubwa za dawa hazipimi mikopo yao hivyo. Njia ya kawaida ni kuliandika deni kwa kiasi kilichopokelewa, kupunguza gharama za kulitoa, kisha kusawazisha tofauti kidogo kidogo kupitia riba hadi siku ya kulipa. Teva iliponunua biashara ya dawa zisizo na chapa ya Allergan mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 40, ilibeba mzigo mkubwa wa hatifungani. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 mashirika ya kupima ubora wa mikopo yalizishusha hatifungani hizo hadi daraja la hatari, lakini mizania ya Teva haikupunguza deni kwa sababu hiyo. Bei ya soko ilionekana katika maelezo ya ziada ya hesabu peke yake. Kwa hiyo anayetaka kujua soko linalichukuliaje deni la kampuni ya dawa aanzie kwenye maelezo hayo, kabla ya mizania.

Sasa tushike kalamu. Chukua kampuni ya kufikirika yenye dawa moja, iliyotoa hatifungani za dola milioni 100 kwa miaka 6, riba asilimia 6 kwa mwaka, na ikachagua kuzipima kwa thamani ya haki. Siku ya kuzitoa, riba ya msingi ya soko ilikuwa asilimia 3, na asilimia 3 nyingine ilikuwa malipo ya hatari ya kampuni hii. Mwaka unapita, riba ya mwaka huo inalipwa, miaka 5 inabaki. Riba ya msingi imepanda hadi asilimia 4. Kisha matokeo ya majaribio yanatoka, dawa imeshindwa, na soko sasa linadai asilimia 16 ili kuzishika hatifungani hizo. Malipo ya milioni 6 kila mwaka kwa miaka 5, pamoja na milioni 100 za mwisho, yakirudishwa kwenye thamani ya leo kwa asilimia 16, yanatoa takriban milioni 67.3. Deni limeshuka kwa milioni 32.7.

Kiasi hicho hakiendi chote mahali pamoja. IFRS 9, iliyoanza kutumika Januari 2018, inataka tukigawe. Tunachukua riba ya msingi mpya ya asilimia 4, tunaongeza zile asilimia 3 za awali za kampuni, tunapata 7. Kwa asilimia 7 deni lingekuwa na thamani ya milioni 95.9. Kutoka 100 hadi 95.9 ni kazi ya riba za soko, na hizo milioni 4.1 zinaingia kwenye faida na hasara. Kutoka 95.9 hadi 67.3, yaani milioni 28.6, ni matokeo ya kuchakaa kwa imani ya soko kwa kampuni yenyewe, nazo zinakwenda kwenye mapato mengine jumuishi, nje ya faida ya mwaka. Isipokuwa kama kuzitenga kungezua kutolingana kwingine kati ya mali na madeni, hapo zote zinarudi kwenye faida na hasara.

Mgawanyo huo ulizaliwa baada ya somo chungu. Chini ya kanuni za zamani kiasi chote kilikuwa kinaingia kwenye faida. Katika robo ya tatu ya 2011, benki ya Marekani ya Morgan Stanley iliandika mapato ya takriban dola bilioni 3.4 kwa sababu tu bei za madeni yake zilikuwa zimeshuka. Wasomaji wa hesabu walilalamika kwa haki, na wenye kuandika kanuni hatimaye wakasikia.

Hoja yangu kuu ni hii, na ndiyo iliyonifanya niufungue uzi huu. Wanaoitetea faida ya deni lililoshuka husema hivi: deni linapopoteza thamani ni kwa sababu mali za kampuni zimepoteza thamani, hivyo hasara ya mali itaandikwa upande mmoja, faida ya deni upande wa pili, na wenye hisa wataonekana wamebeba ile sehemu tu inayowahusu. Kwa benki hoja hiyo ina mashiko, kwa kuwa mikopo na dhamana zilizochakaa zimo kwenye vitabu vyake. Kwa kampuni ya dawa hoja inavunjika, kwa sababu dawa iliyokuwa ikigunduliwa ndani ya maabara zake haimo kwenye mizania. IAS 38, kiwango cha mali zisizoshikika, inataka gharama zote za utafiti ziandikwe kama matumizi pale zinapotokea, na hata gharama za uendelezaji, kampuni za dawa kwa kawaida hazizigeuzi mali mpaka idhini ya mamlaka ipatikane au iwe karibu kabisa. Dawa ile ambayo soko liliithamini kwa mabilioni ilikuwa sifuri kwenye vitabu jana, na ni sifuri leo baada ya kushindwa. Hasara yake haiandikwi popote. Faida ya deni inabaki peke yake kwenye ukurasa, bila mwenzake wa kumweka sawa.

Ndiyo maana naamini kwamba mstari huu ni wa hatari zaidi katika hesabu za kampuni ya dawa kuliko katika hesabu za kampuni nyingine yoyote, hata sasa ambapo sehemu kubwa yake imehamishiwa kwenye mapato mengine jumuishi. Mtaji wa wanahisa unaongezeka kwa milioni 28.6 katika mwaka uleule ambao biashara imepoteza sababu yake ya kuwapo.

Karibuni kwa hoja, na pale nilipokosea nisahihishwe.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani kwa maelezo. Nina swali la msingi. Kama njia ya kawaida ni ile ya kusawazisha kidogo kidogo, na kama thamani ya haki inaleta mkanganyiko wote huu, kwa nini kampuni ya dawa iichague kwa hiari yake?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na jibu lake mara nyingi ni la kivitendo kuliko la kifalsafa. Kampuni ndogo za dawa hukopa kwa hatifungani zinazobadilishika kuwa hisa, kwa kuwa hazina mauzo na hakuna anayekubali kuzikopesha kwa riba ya kawaida. Mkataba wa namna hiyo huwa umesheheni vipengele: haki ya kubadilisha deni kuwa hisa, bei ya kubadilisha inayoshuka endapo hisa mpya zitauzwa kwa bei ya chini, malipo ya ziada kampuni ikinunuliwa, haki ya kulipwa mapema mamlaka ikiikataa dawa. Kanuni zinataka baadhi ya vipengele hivyo vichomolewe kimoja kimoja na kupimwa pekee. Ni kazi ndefu, na kosa dogo linaweza kuilazimisha kampuni kutoa upya hesabu za miaka iliyopita. Kanuni zinaruhusu njia ya mkato: upime mkataba mzima kwa thamani ya haki, nawe usichomoe chochote. Marekani iliufungua mlango huo kwa upana kwa kiwango nambari 159 cha Februari 2007. IFRS inauruhusu kwa masharti: uwe unaondoa kutolingana kwa vipimo, au madeni hayo yawe yanasimamiwa na kutathminiwa kwa thamani ya haki, au mkataba uwe na vipengele hivyo vilivyopachikwa ndani.

Uamuzi hufanywa siku ya kwanza, na haubatilishwi. Gharama za mawakili na madalali, ambazo zingegawanywa kwa miaka yote ya deni, zinaandikwa zote siku hiyo kama matumizi.

Na hapo kuna upande wa pili wa sarafu, ambao wakurugenzi wengi wa fedha huukumbuka wakiwa wamechelewa. Tuseme hatifungani ya milioni 100 inaweza kubadilishwa kuwa hisa milioni 10. Hisa ilikuwa dola 8, na thamani ya deni kwenye vitabu ni milioni 100. Dawa inaidhinishwa, hisa inapanda hadi dola 25. Mwenye hatifungani sasa ameshika kitu chenye thamani isiyopungua milioni 250. Kampuni iliyopata habari njema kuliko zote katika historia yake inaandika hasara ya milioni 150, na hasara hiyo inaingia kwenye faida na hasara, kwa kuwa imetokana na bei ya hisa, haikutokana na hali ya kampuni kimkopo. Nimewahi kuketi katika kikao ambamo mjumbe wa bodi aliishika taarifa ya namna hiyo mkononi na kuuliza kama idara ya fedha imekosea alama, ikaweka ya kutoa badala ya kujumlisha. Haikuwa imekosea. Mkuu wa fedha alichukua karibu saa nzima kumweleza, na nilimwonea huruma, kwani maelezo hayo yalipaswa kutolewa siku ya kusaini mkopo.

Mchangiaji wa pili

Naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha uzi. Unasema hakuna aliyeilipa faida ile. Lakini kama hatifungani zangu zinauzwa sokoni kwa 67 na mimi nina fedha, nitazinunua na kulifuta deni la 100 kwa 67. Hiyo si faida ya karatasi. Ni faida halisi. Je, thamani ya haki haikuwa inasema ukweli kabla ya wakati wake?

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni nzito, na naikubali kwa sharti moja, nalo umelitaja mwenyewe: kama una fedha. Kampuni yenye fedha za kununua madeni yake yote kwa kawaida haikuti madeni yake yakiuzwa kwa 67. Bei ile ipo kwa sababu soko linaamini kwamba fedha hazipo.

Hata hivyo zipo njia za kuivuna nafuu hiyo bila fedha taslimu, na mfano ulio wazi ni Bausch Health, ile iliyojulikana zamani kama Valeant, ambayo baada ya kuinunua Salix mwaka 2015 ilikuwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 30. Septemba 2022, hatifungani zake zisizo na dhamana zikiwa zinauzwa kwa punguzo kubwa, iliwapa wenye nazo nafasi ya kuzibadilisha kwa hatifungani mpya zenye dhamana lakini za kiasi kidogo. Takriban dola bilioni 5.6 za zamani zilibadilishwa kwa takriban bilioni 3.1 za mpya. Hiyo ni nafuu ya kweli: kiasi kinachodaiwa kilipungua kwa mkataba, wala si kwa makadirio.

Lakini tazama kilichoandikwa. Kanuni za Marekani zina utaratibu maalumu kwa mdaiwa aliye taabani anayepewa ahueni na wadai wake. Sehemu kubwa ya nafuu ile haikuandikwa kama faida siku ile. Iliongezwa juu ya kiasi cha deni jipya kwenye mizania, ili ipunguze gharama za riba katika miaka inayofuata. Kwa hiyo tuna kampuni moja ambayo deni lake limepungua kisheria na vitabu vyake haviharakishi kuonyesha faida, na kampuni ya mfano wangu ambayo deni lake halijapungua hata dola moja kisheria na mtaji wake umepanda. Nikiambiwa nichague ni kipi kati ya vipimo hivyo viwili kinamdanganya msomaji kidogo zaidi, nitachagua cha kwanza bila kusita.

Kumbuka pia kwamba katika mfano wangu, kampuni ikinusurika, deni la 67.3 litapanda mwaka hadi mwaka likirudi 100, na kila hatua ya kupanda itaandikwa kama hasara. Ikifika siku ya kulipa, jumla ya faida na hasara hizo zote itakuwa sifuri. Faida inabaki faida pale tu ambapo wadai hawakulipwa.

Mchangiaji wa tatu

Mbali na hatifungani, yapo madeni ya ahadi: kampuni inanunua nyingine na kuahidi kulipa zaidi dawa ikifaulu. Haya nayo yanafuata kanuni hizohizo?

Mwanzisha uzi

Ahsante kwa kulileta, kwa maana hapa ndipo thamani ya haki inapotawala kwa lazima, hakuna kuchagua. Chini ya IFRS 3, kiwango cha ununuzi wa kampuni, ahadi ya namna hiyo ikiwa ni ya kulipa fedha, hupimwa kwa thamani ya haki siku ya ununuzi, kisha kila unapofunga hesabu, na tofauti yote inaingia kwenye faida na hasara. Lile pumziko la mapato mengine jumuishi haliko, kwani linahusu madeni yaliyochaguliwa kwa hiari tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Sanofi. Iliponunua Genzyme mwaka 2011 ililipa dola 74 kwa hisa, na juu yake ikawapa wauzaji hati ya haki ya kulipwa zaidi, hadi dola 14 kwa kila hati, kwa kutegemea kwa sehemu kubwa mafanikio ya dawa ya Lemtrada dhidi ya ugonjwa wa mfumo wa neva. Hati hizo ziliorodheshwa katika soko la NASDAQ, hivyo deni la kampuni ya dawa lililotegemea dawa moja likawa na bei inayoonekana kila siku. Mwishoni mwa 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa Lemtrada. Bei ya hati ilianguka, na deni la Sanofi likashuka pamoja nayo. Novemba 2014 mamlaka ileile iliiidhinisha, bei ikapanda, na deni likapanda. Habari mbaya ikawa mapato, habari njema ikawa gharama, na hapakuwa na makadirio ya mtu yeyote katikati. Ilikuwa bei ya soko.

GSK inatupa sura nyingine. Kwa sababu ya haki ambazo kampuni ya Shionogi inazo katika biashara yake ya dawa za Virusi vya UKIMWI, ViiV, tangu mapatano ya 2012, GSK imebeba deni la ahadi la mabilioni ya pauni. Mauzo ya dawa hizo yanapotarajiwa kuongezeka, deni linakua. Pauni iliposhuka mwaka 2016, malipo ya baadaye yakawa makubwa zaidi kwa pauni, na deni likakua tena. Ndiyo maana kampuni hutoa pia takwimu za faida zisizo na mabadiliko haya. Siwalaumu kwa hilo, ila naomba msomaji asisahau kwamba deni hilo hulipwa kwa fedha taslimu kila mwaka, na kuliondoa kwenye faida iliyorekebishwa hakuliondoi kwenye akaunti ya benki.

Zaidi ya hapo, ahadi nyingi hazina bei ya soko kama hati za Sanofi. Zinaangukia ngazi ya tatu ya vipimo, ile inayotegemea makadirio yasiyoonekana sokoni: uwezekano wa dawa kufaulu, mwaka wa kuingia sokoni, bei yake, na riba inayotumika kuyarudisha malipo ya baadaye kwenye thamani ya leo. Ukibadilisha uwezekano wa kufaulu kutoka asilimia 60 hadi 50, deni linashuka kwa moja ya sita, na faida inaongezeka kwa kiasi hicho. Jedwali la maelezo ya ziada linaloonyesha jinsi deni linavyobadilika makadirio yakibadilika ndilo ninalolisoma kwanza, na ninalilinganisha na la mwaka uliopita kabla sijagusa ukurasa wa faida.

Mchangiaji wa kwanza

La mwisho kutoka kwangu. Zile milioni 28.6 zilizokaa kwenye mapato mengine jumuishi, kampuni ikizinunua hatifungani zake kwa 67.3, zinahamia kwenye faida?

Mwanzisha uzi

Inategemea unafuata kanuni zipi. Chini ya IFRS 9 haziingii kamwe kwenye faida na hasara; kampuni inaweza tu kuzihamisha ndani ya mtaji, kutoka fungu moja kwenda jingine. Chini ya kanuni za Marekani, zilizobadilishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika 2018 kwa kampuni zilizoorodheshwa, kiasi kilicholimbikizwa kinahamishiwa kwenye faida siku deni linapofutwa. Kwa hiyo kampuni mbili za dawa zenye mkataba uleule, zilizoshindwa katika majaribio yaleyale na kununua madeni yao kwa bei ileile, zitaonyesha faida tofauti kwa milioni 28.6 katika mwaka wa kuyafuta, na anayezilinganisha lazima kwanza aangalie kila moja imeandaa hesabu zake kwa kanuni zipi.

Binafsi naona Wamarekani wako sahihi zaidi katika hili, kwa sababu siku hiyo mdai ameipokea hasara yake kwa hiari, mkataba umefutwa, na ile faida niliyosema mwanzoni kwamba haina aliyeilipa hatimaye imempata wa kuilipa.